Raba Laki Tatu, Aliyeshona Kapata Ngapi?

Kama hujagundua, mji mzima siku hizi unakimbia. Jumamosi alfajiri ukipita Daraja la Tanzanite au Coco Beach utadhani kuna maandamano. Vikundi vya mazoezi vya kila mtaa, fulana za rangi moja, spika juu ya toroli, na nyimbo zinazoamsha mpaka waliolala saa tisa usiku. Wapenzi wanakimbia pamoja, mabosi wanakimbia na wafanyakazi wao, na mbio za Moshi zikikaribia kila ofisi inakuwa na mtu wa kukusimulia habari za magoti yake. Simcheki mtu, maana na mimi nimo! Mimi na mume wangu tulianza kukimbia mwaka wa pili wa ndoa, na mpaka leo ni moja ya vitu vichache tunavyofanya pamoja bila simu mkononi.

Ila mazoezi nayo yana gharama zake. Bajeti ya nyumbani kwetu ina mstari wa raba jozi mbili, taiti, fulana za kukausha jasho na soksi ambazo bei yake nisingependa mama mkwe aijue. Raba ya dukani, ya ukweli na sio kopi, inaweza kukutoa laki tatu kama mchezo. Kwa hela hiyo mtu ana haki ya kuuliza maswali. Na swali lililonikaa kichwani sikulitoa kwenye kitabu, nililetewa nyumbani na mdogo wangu.

Mshona mikono

Huyu ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa pamoja. Anafanya kazi kwenye kiwanda kinachoshona nguo za michezo za kusafirishwa nje. Sitakitaja, kwa sababu anahitaji kazi yake. Siku moja alikuja kututembelea, akaiona fulana yangu mpya ya kukimbilia kwenye kamba, akaigeuza ndani nje kama daktari anayempima mgonjwa, akaniuliza bei. Nilipomtajia, alikaa kimya kidogo, kisha akacheka. "Dada, hiyo ni karibu nusu ya mshahara wangu."

Nikamwomba anisimulie kazi yenyewe. Yeye hashoni fulana, anapachika mikono tu, kutwa nzima. Jirani yake anashona kola, anayefuata anakunja pindo. Mbele ya laini kuna ubao wenye tageti ya kila saa, na laini ikishindwa wanabaki wote mpaka itimie. Kisha akanisimulia "wiki ya wageni", yaani wiki wanayokuja wakaguzi wa wateja kutoka nje. Sabuni inatokea chooni. Barakoa za kuzuia vumbi zinagawiwa. Maboksi yaliyoziba mlango wa dharura yanahamishwa. Msimamizi anapita akiwauliza, "Mkiulizwa mnatoka saa ngapi, mnasemaje?" na wao wanajibu kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Wageni wakishaondoka, maboksi yanarudi mlangoni.

Nikamuuliza kama anataka niandike watu waache kununua. Hapo ndipo aliposhtuka. "Dada, usije ukafanya hivyo! Mzigo ukipungua sisi ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani, na hiyo siku hatulipwi."

Basi mwenzenu nikabaki na mtihani. Kununua bila kuuliza siwezi tena, na kususa ni kumtoa mdogo wangu kazini. Mume wangu yeye alikuwa na jibu lake tayari: "Wote ni wale wale. Angalia raba inayokutosha mguu, lipa, kimbia." Nampenda sana mume wangu, lakini kwenye hili sikukubaliana naye. Mimi ni mhariri, nimesomea mawasiliano, najua taarifa nzuri ya kampuni inavyopikwa. Najua pia kwamba hata taarifa iliyopikwa inaacha mabaki jikoni. Kwa wiki kadhaa, baada ya chakula cha usiku, nikaanza kuyatafuta hayo mabaki.

Kampuni ya raba isiyoshona raba

Jambo la kwanza la kujua ni hili: jina lililo kwenye raba yako sio la mtu aliyeishona. Kampuni kubwa za mavazi ya michezo kwa sehemu kubwa zinabuni, zinatangaza na kuuza. Kushona kunafanywa na viwanda vya watu wengine, Vietnam, Indonesia, China, Kambodia, Bangladesh na kwingineko. Kwa hiyo kampuni ikikuambia "wafanyakazi wetu tunawatunza", uliza kwanza wanamsema nani. Kijana wa ofisini mwenye kiyoyozi, au dada wa kwenye laini?

Nike walilijibu swali hilo hadharani, tena kwa kulazimika. Miaka ya 1990 magazeti na wanaharakati waliwaandama kwa mishahara midogo Indonesia na hewa mbaya kwenye viwanda vya raba Vietnam. Mwaka 1996 jarida la Life la Marekani likatoa picha ya mtoto wa Pakistani akishona mpira wenye alama ya Nike. Mei 1998 mwanzilishi wa kampuni, Phil Knight, alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Washington akakiri kwamba jina la bidhaa yake limekuwa sawa na mishahara ya kitumwa, ovataimu za lazima na unyanyasaji. Akaahidi umri wa chini wa miaka 18 kwenye viwanda vya viatu na viwango bora vya hewa. Mwaka 2005 Nike wakachapisha orodha ya viwanda vyao, zaidi ya 700, kwa majina na anwani. Miaka ya nyuma sekta nzima ilikuwa inadai kwamba orodha kama hiyo ni siri ya biashara.

Sasa usiniambie hakuna kilichobadilika. Kilibadilika kwa sababu watu waliuliza, wakaendelea kuuliza.

Lakini sikia na upande wa pili, ambao mdogo wangu angeuelewa kuliko mimi. Picha ile ilitoka Sialkot, mji wa Pakistani unaoshona mipira ya dunia nzima. Mwaka 1997 wenye viwanda, Shirika la Kazi Duniani na UNICEF walikubaliana kuwaondoa watoto kwenye kazi hiyo. Ushonaji ukahamishwa kutoka majumbani kwenda kwenye vituo vinavyoweza kukaguliwa. Watoto wengi walipona, ila akina mama waliokuwa wakishona nyumbani, ambao mila na watoto wadogo haviwaruhusu kutoka kutwa nzima, wengi wao walipoteza kipato. Halafu mwaka 2006 Nike wakavunja mkataba na mtengenezaji wao mkubwa wa mipira mjini humo baada ya kugundua kazi zinapelekwa tena majumbani kinyume na makubaliano. Maelfu ya ajira yakawa hatarini. Kampuni ilitoka na mikono misafi, mshonaji akabaki na sindano bila mpira.

Ndio maana siku hizi nikisikia kampuni inajisifu kwamba "tuliacha mara moja kufanya kazi na kiwanda kile", sipigi makofi. Nauliza, na waliokuwa ndani je?

Cheti ukutani

Baada ya stori ya wiki ya wageni, nilitaka kujua kama ni kiwanda cha mdogo wangu tu. Jibu nililipata Karachi, na naomba usilisome haraka haraka.

Septemba 11, 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kilishika moto. Madirisha yalikuwa na nondo, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Zaidi ya watu 250 walikufa. Wiki chache tu kabla ya hapo, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, moja ya vyeti vinavyoheshimika zaidi duniani kwa haki na usalama wa wafanyakazi. Kwenye karatasi, kila kitu kilikuwa sawa.

Kiwanda kile kilishona zaidi jinzi, sio raba. Lakini ukaguzi wa namna ile ndio huo huo unaotumika kwenye nguo za michezo. Mkaguzi anakuja siku mbili, mara nyingi kwa taarifa, mara nyingi akilipwa na kiwanda chenyewe, anajaza fomu, anaondoka. Mimi sisemi wakaguzi wote ni wababaishaji. Nasema boksi linalohamishwa mlangoni Jumatatu likarudi Alhamisi haliwezi kuonekana kwenye fomu ya Jumanne.

Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Wafanyakazi walikuwa wameona nyufa siku moja kabla. Wengine waligoma kuingia, wakatishiwa mshahara wao. Baada ya hapo ukaja mkataba wa aina tofauti kabisa: kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi wakatia saini makubaliano ya usalama wa majengo yanayowabana kisheria, ripoti za ukaguzi zikawekwa wazi, na mfanyakazi akapewa mahali pa kulalamika. Huo sio ukaguzi wa sabuni chooni. Tofauti ni moja: safari hii wafanyakazi wenyewe walikuwa mezani.

Kwa hiyo nikiona nembo ya cheti kwenye lebo, swali langu limebadilika. Siulizi kama kuna cheti. Nauliza kama mshonaji ana chama, na kama akisema "mlango umezibwa" kuna mtu atakayemsikiliza bila kumfukuza.

Ikikamatwa, inafanya nini?

Hapa ndipo nilipopata kipimo changu, na naomba ukichukue hata kama utasahau mengine yote. Usiulize kampuni ipi haina kosa. Haipo. Yenye viwanda mamia katika nchi kumi na kitu, kosa litatokea tu. Uliza ilifanya nini siku ilipokamatwa.

Chukua mfano wa PT Kizone, kiwanda cha Indonesia kilichoshona nguo za michezo kwa kampuni kadhaa kubwa. Mwaka 2011 mwenye kiwanda alishatoroka, kikafungwa, na wafanyakazi wapatao 2,700 wakaachwa bila kiinua mgongo chao. Adidas, waliokuwa miongoni mwa wateja, walisema deni sio lao, maana waajiri ni wengine. Kisheria walikuwa na hoja. Ila wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo fulana zao zinashonwa na kampuni hizo, hawakuikubali. Wakaandamana, wakawaandikia wakuu wa vyuo, na chuo kimoja baada ya kingine, kikiwemo Cornell, kikavunja mkataba na Adidas. Aprili 2013 kampuni ikafikia makubaliano na wafanyakazi.

Ona hapo mambo mawili. Kwanza, iliwachukua wafanyakazi wale miaka miwili kupata kitu kilichokuwa haki yao. Pili, wale wanafunzi hawakusema "tusivae tena". Walisema "lipeni kwanza". Nilipomsimulia mdogo wangu, hiyo ndiyo sehemu aliyonirudisha mara mbili.

Mshahara wenyewe nao una ujanja wake. Kampuni nyingi zinaandika kwa fahari kwamba viwanda vyao vinafuata kima cha chini cha sheria. Sawa, lakini kima hicho ni cha kuishi au cha kufa polepole? Angalia majirani zetu Ethiopia. Hifadhi ya viwanda ya Hawassa ilifunguliwa mwaka 2016 kwa shangwe kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walioitembelea waliripoti mwaka 2019 kwamba mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 26 kwa mwezi. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa sababu sekta binafsi nchini humo haikuwa na kima cha chini kabisa! Matokeo yake wasichana walikuwa wanaacha kazi kwa wingi.

Na uwazi wenyewe bado ni wa kuibia. Mwaka 2023 shirika la Fashion Revolution lilipima kampuni 250 kubwa za mavazi duniani kwa kile zinachokiweka wazi. Asilimia 52 zilikuwa zimechapisha orodha ya viwanda vinavyowashonea. Tunashukuru. Lakini asilimia 99 hazikusema ni wafanyakazi wangapi katika viwanda hivyo wanaolipwa mshahara unaotosha kuishi. Jina la kiwanda unapewa, bahasha hufunguliwi.

Raba ya kijani

Tukija kwenye mazingira, usanii ni mwingi zaidi, maana mti hauwezi kuandamana. Ukiona picha ya jani kwenye boksi, tulia.

Watafiti wa MIT, chuo maarufu cha teknolojia Marekani, mwaka 2013 waliifungua raba moja ya kukimbilia kipande kwa kipande. Vipande 65, hatua zaidi ya 360 za kiwandani, na gesi joto sawa na kilo 14 za kaboni kwa jozi moja tu. Sehemu kubwa ya hiyo, zaidi ya theluthi mbili, haikutoka kwenye malighafi wala kwenye meli. Ilitoka kwenye kutengeneza, yaani mashine nyingi ndogo ndogo za kuyeyusha, kugandamiza na kushona, zikiendeshwa kwa umeme wa makaa ya mawe China. Kwa hiyo kampuni ikikuambia boksi limetengenezwa kwa karatasi iliyotumika, mwambie ahsante, halafu uulize kiwanda kinatumia umeme gani.

Puma waliwahi kufanya kitu cha kijasiri. Mwaka 2011 walichapisha hesabu ya hasara waliyoisababishia dunia kwa mwaka 2010, wakaiweka katika fedha: euro milioni 145. Katika hizo, ofisi, maduka na maghala yao wenyewe yalichangia milioni 8 tu. Zilizobaki zote zilikuwa kwa wanaowatengenezea, na zaidi ya nusu ya jumla ilikuwa mwanzo kabisa wa safari, kwenye ng'ombe wa ngozi, mashamba ya pamba na mpira. Mimi na mume wangu tuliikodolea macho hesabu hiyo. Yaani kampuni inaweza kuweka sola kwenye paa la makao makuu, ikapiga picha nzuri, na ikawa imegusa kipande kidogo sana cha tatizo.

Mwaka huo huo wa 2011 Greenpeace waliibana Puma, Nike na Adidas kuhusu kemikali zinazomwagwa kwenye mito ya China na viwanda vya kutia rangi. Puma walikubali ndani ya wiki chache, wenzao wawili wakafuata kabla ya Agosti kuisha. Wote waliahidi kuondoa kemikali hatari ifikapo 2020. Ahadi yenye tarehe ni nzuri kwa sababu moja: tarehe ikifika, unaweza kuuliza.

Na zile fulana za "chupa zilizorejelewa"? Ni hatua, sikatai, kwa sababu zinapunguza mafuta mapya yanayochimbwa kutengeneza poliesta. Lakini chupa inaweza kurudi kuwa chupa tena. Ikishakuwa fulana, mara nyingi safari yake imeishia hapo. Na kila ukiifua, inaachia nyuzinyuzi ndogo za plastiki zisizoonekana kwa macho, zinazokwenda na maji mpaka baharini. Hiyo bahari ni ile ile tunayokimbia pembeni yake.

Na sisi wa mtumba je?

Najua kuna msomaji anasema, "Dada mhariri, hiyo laki tatu uliitoa wapi? Mimi raba zangu natoa Karume." Karibu, na mimi Karume nakwenda!

Tuwe wakweli. Ukinunua raba ya mtumba, kampuni haipati hata shilingi yako, na kiatu kilichokwisha kutengenezwa kinapata maisha ya pili. Kwa mazingira hiyo ni hesabu nzuri. Mama anayekaa na rundo lake pale sokoni naye anasomesha watoto. Tatizo ni lile rundo la chini, lisilovalika. Ripoti ya Changing Markets Foundation ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba kila mwaka Kenya inapokea vipande zaidi ya milioni 300 vya nguo za nyuzi za plastiki vilivyochakaa au visivyouzika. Ukifika Gikomba, Nairobi, utaona vinakoishia, kando ya mto. Wakuu wa Afrika Mashariki walipokubaliana mwaka 2016 kuuaga mtumba ifikapo 2019, Marekani ikaweka ngumu kwa kutumia mpango wake wa biashara wa AGOA. Wengi walirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru.

Kuhusu feki, nitakuwa mfupi. Raba ya kopi haina orodha ya viwanda, haina wa kuulizwa, na gundi yake ikiachia kilomita ya tatu huna pa kurudi. Unafuu wake mtu mahali fulani ameulipia.

Maswali sita ya nyumbani kwetu

Baada ya kusoma na kubishana, mimi na mume wangu tulikubaliana maswali sita kabla ya kutoa hela. Hayahitaji shahada, yanahitaji nusu saa na bando.

1. Inataja viwanda? Ingia kwenye tovuti yao utafute orodha ya viwanda, majina na miji. Usipoiona, hilo nalo ni jibu.

2. Inasema nini kuhusu mshahara? "Tunafuata sheria" ni hatua ya chini kabisa. Tafuta wanaosema mshahara wa kutosha kuishi, wakataja na nchi na tarakimu.

3. Wafanyakazi wana sauti? Chama huru na makubaliano yanayobana kisheria vina uzito kuliko vyeti kumi ukutani.

4. Ilipokamatwa, ilifanya nini? Andika jina la kampuni pamoja na neno "kiinua mgongo" au "mgomo" kwa Kiingereza. Soma mwisho wa stori, sio mwanzo tu. Ililipa? Ilitengeneza? Au ilikimbia?

5. Ahadi za mazingira zinagusa kiwanda? Umeme, rangi, maji. Ziwe na mwaka na kipimo, na ripoti ya mwaka uliopita iwepo.

6. Itadumu? Kama utengenezaji ndio unaochafua zaidi, raba inayokaa mara mbili zaidi inapunguza uchafu karibu nusu. Wakimbiaji wengi wanashauriwa kubadili raba baada ya kilomita 500 hadi 800. Zikifika hapo, zetu zinahamia kwenye safari za sokoni. Fundi viatu wa mtaani kwetu ameshagundisha soli za mume wangu mara mbili, kwa bei ya soda kadhaa.

Ukichoka kutafuta mwenyewe, wapo wanaopima kwa niaba yako, kama Good On You wa Australia. Watumie, ila kumbuka wengi wanapima kile kampuni inachokisema. Anayesema sana sio lazima awe ndiye anayetenda sana.

Na usiogope kuandika barua pepe. Mimi niliziandikia kampuni mbili swali moja tu: raba hizi zimeshonwa kiwanda gani? Moja ilinijibu baada ya siku nne, ikanipa nchi, jina la kiwanda na mahali pa kuangalia zaidi. Nyingine ilinishukuru kwa upendo wangu na kunipa punguzo la asilimia kumi. Mume wangu, yule wa "wote ni wale wale", alizisoma zote mbili, akarudisha simu yangu mezani na kusema, "Haya, hii ya kwanza wana saizi arobaini na nne?"

Sikumjibu kwa maneno mengi. Kwenye ndoa, ushindi mwingine unatosha kuushangilia kimoyomoyo.

Mdogo wangu bado anapachika mikono. Kiwandani kwao sasa wamechagua wawakilishi watatu wa laini, na yeye ni mmoja wao. Jambo la kwanza walilopeleka kwa uongozi sio mshahara, ni lile boksi la mlangoni. Wanasubiri majibu. Kama una fulana ya michezo kabatini kwako, igeuze ndani nje leo usome lebo, kisha umwandikie aliyekuuzia swali lako moja. Majibu yakija, nitumie hapa ofisini. Tutayachapisha, ya kampuni na ya punguzo!